Uru ya Ibrahimu sio Uru ya Moshi

Barazani kwetu huku Ngamiani kuna mzee ana hoja yake moja, akishaianza hata kahawa inapoa kikombeni, kwamba Nabii Ibrahimu alitoka Uru ya Moshi. Anasema imeandikwa kabisa Mwanzo 11:31, "Uru wa Wakaldayo", na Wachaga wana Uru yao mpaka leo, sasa tunabishana nini? Ukimkatalia anakuja na mlima Tabori wa kina Debora na Baraka, hiyo kwake ni Tabora, imekosewa herufi moja tu. Wachaga wa pale kijiweni wanampigia makofi maana Ibrahimu kuwa shemeji yao hawana shida nalo, ila kuna Mnyamwezi mmoja kila siku anamwambia Babu, Tabora ni matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha vikaanikwa, Debora haingii hapo.

Mi napenda sana huu ubishi, simcheki mzee. Anachofanya yeye wanakifanya watu wengi tu na wengine wana mikrofoni na viti vya mbele: unachukua jina la kwenye kitabu, unatafuta linalofanana nalo kwenye lugha unayoijua, basi kesi imefungwa. Shida ni kwamba sauti mbili tatu kufanana ni kitu cha bei rahisi sana, dunia nzima ina kina Uru na kina Kana. Kinachotakiwa ni kulirudisha jina nyuma mpaka kwenye maandishi ya zamani kabisa yanayolitaja, uone lilikuwa linatamkwaje na watu gani, ndo uanze kuuliza maana. Na ukifanya hivyo unakutana na kitu ambacho mimi kilinishika mpaka leo sijakiacha, majina mengi ya kwenye Biblia sio ya Kiebrania kabisa kwa asili yake, Waebrania waliyakuta. Yalikuwa ya watu wengine, na miungu mingine.

Tuanze na huyo huyo Ibrahimu. Uru ilichimbwa kusini mwa Iraki na Mwingereza Leonard Woolley kuanzia 1922 hadi 1934, mahali Waarabu wanapaita Tell el-Muqayyar, na vibao vya udongo vya hapo vinaliandika jina la mji kwa Kisumeri, Urim. Kisumeri ni lugha ambayo haina ndugu anayejulikana, sio ya ukoo wa Kiebrania wala Kiarabu, ipo peke yake. Mji mzima ulikuwa chini ya mungu wa mwezi, Nanna, hekalu lake la ngazi bado limesimama. Alafu baba yake Ibrahimu anahama anaenda kukaa wapi? Harani. Harani ni Kiakadi, lugha ya kale ya Babeli na Ashuru, harranu, yani njia, safari, hata msafara wenyewe wanauita hivyo hivyo, mji uliokaa kwenye makutano ya barabara za biashara kama Bagamoyo ilivyokuwa mwisho wa misafara ya bara, na mungu mkubwa wa Harani alikuwa nani? Mwezi tena, pale wanamwita Sin. Kwa hiyo mtu katoka mji wa mwezi kahamia mji wa mwezi, na Yoshua 24:2 inasema wazi baba zenu walitumikia miungu mingine ng'ambo ya Mto. Ukijua majina, huo mstari unaupata vizuri zaidi.

Mito nayo haina maneno mengi. Hidekeli ya Mwanzo 2 ni Idiqlat ya Kiakadi, ambayo ni Idigna ya Kisumeri, Waarabu wanaita Dijla, wote wanasema jina lile lile tu kila mmoja na ulimi wake. Frati ni Purattu, nyuma yake Buranuna. Kuna wataalamu waliodai hata Wasumeri wenyewe waliyakuta hayo majina kwa watu waliowatangulia, wengine wanapinga, hilo niwaachie wao.

Edeni je. Kwa miaka mingi jibu lililokuwa linatembea ni kwamba inatoka kwenye edin ya Kisumeri, nyika, mbuga. Inapendeza kwa sababu bustani katikati ya nyika inaleta picha. Lakini 1979 huko Siria, Tell Fekheriye, ikapatikana sanamu ya mtawala mmoja imeandikwa pande mbili, Kiakadi na Kiaramu, na kwenye Kiaramu mungu wa mvua anasifiwa kwa neno lenye mzizi huo huo wa Edeni, kwamba ndiye anayezineemesha nchi zote. Sasa wengi wamehamia huku, Edeni ni neema, tele, mahali pa kushiba na maji. Mi naona hili lina nguvu zaidi, maana lile la nyika ukiliangalia herufi yake ya kwanza haikai sawa, Kiebrania kina ayn pale mwanzoni, herufi ya sauti ile ya kooni.

Hiyo ayn muiweke akilini, nitairudia, ndo utamu wenyewe ulipo.

Lakini kwanza Babeli. Mwanzo 11:9 inasema mji uliitwa Babeli kwa sababu huko ndiko lugha zilichafuliwa, na ni kweli Kiebrania kina balal, kuchanganya. Sasa nenda kwa wenye mji: wao wanaandika Bab-ilim, mlango wa mungu. Bab ni mlango, hata Mwarabu wa leo anasema bab, ilim ni mungu. Kwa hiyo mwandishi kadanganya? Hapana bwana. Anawachezea Wababeli kwa makusudi, nyie mnajiita mlango wa mungu, sisi tunasikia vurugu. Ni kijembe, na mtu wa pwani akishindwa kuelewa kijembe sijui nani atakielewa. Na uhondo haujaisha, kuna wanaosema hata hiyo "mlango wa mungu" Wababeli walijitungia baadaye, jina lilikuwepo kabla yao na maana yake ilishapotea, wakalinyoosha kidogo likawa na sifa. Bagamoyo wanafanya hivyo hivyo, bwaga moyo, mmoja atakwambia ni wapagazi walikuwa wanapumzisha mioyo wamefika pwani, mwingine atakwambia ni watumwa walikuwa wanaiacha mioyo yao pale kabla ya kupanda chombo, hadithi mbili zinazopishana kabisa kwenye jina moja na kila mmoja anaapa kaisikia kwa babu yake.

Yerusalemu ndo iliyoniletea kesi nyumbani. Nimekulia nyumba yenye Msahafu na Biblia, upande wa baba Waislamu, upande wa mama Waanglikana wa Muheza, na mjomba wangu mmoja ni katekista, mtu wa kusoma kweli. Yeye mahubiri yake ni mji wa amani, salemu, shalom, salaam, na waumini wote wanaitika amina. Mi nikamwambia, Mjomba, kuna barua.

Barua zenyewe ni hizi: mwaka 1887 huko Misri, Tell el-Amarna, wanakijiji walifukua vibao vya udongo, zaidi ya 300, ilikuwa ofisi ya barua ya Farao, ya kama miaka 1350 KK hivi, miaka mia tatu na zaidi kabla ya Daudi. Kuna barua kadhaa za mtawala mdogo wa milimani anaitwa Abdi-Heba, analialia kwa Farao atumiwe wapiga mishale maana maadui wamemzunguka na majirani wanamsingizia, ukizisoma unamhurumia, ni mtu anayejua hakuna anayemsikiliza. Mji wake anauandika Urusalim. Angalia sasa mchanganyiko ulivyo: anaandika Kiakadi kwa sababu ndo ilikuwa lugha ya kiserikali ya wakati ule, jina lake lina maana mtumishi wa Heba ambaye ni mungu mke wa Wahuri watu wa kaskazini, na mji wenyewe una jina la Kikanaani. Mwisraeli hayupo hapo. Na huyo Shalim aliyemo ndani ya hilo jina anajulikana, kwenye vibao vya Ugariti pwani ya Siria yupo na ndugu yake, Shahar mungu wa mapambazuko na Shalim mungu wa machweo. Wengi wanalisoma jina kuwa "msingi wa Shalim", mahali alipopaanzisha Shalim.

Mjomba akavua miwani. Akaniuliza, "Kwa hiyo Mjomba, Mwenyezi Mungu aliliweka jina lake kwenye mji wa sanamu?"

Nikamwambia fungua Hesabu 32:38. Wareubeni wanajenga miji yao, inatajwa Nebo na Baal-meoni, na pale pale imeandikwa majina yake yakageuzwa, maana Nebo na Baali wote ni miungu ya watu. Yani Biblia yenyewe inajua hili tatizo, mengine waliyabadilisha, mengine wakayaacha. Beth-shemeshi waliiacha, nyumba ya jua. Yeriko waliiacha na inawezekana sana ni mwezi, yareah. Na kinachonifurahisha kuliko vyote, Anathothi, mji aliozaliwa Yeremia, nabii aliyezipiga sanamu kwa maneno makali kuliko karibu manabii wote, unabeba jina la Anathi mungu mke wa vita wa Wakanaani. Kila akijitambulisha "mimi Yeremia wa Anathothi" anamtaja. Mjomba akasoma ule mstari wa Hesabu mara mbili, akasema, "Haya, na Yerusalemu mbona hawakuigeuza?" Swali zuri. Nadhani ni kwa sababu mzizi ni ule ule, sh-l-m, kutimia, kukamilika, jua likizama siku imetimia, na amani pia ni kutimia, kwa hiyo hawakuhitaji kubadilisha kitu, walibadilisha masikio tu. Mahubiri ya mjomba hayajafa, yamechelewa kufika tu, ndivyo nilivyomwambia, na jumapili yake alihubiri amani kama kawaida.

(Bethlehemu naipitia mbio: Kiebrania lehem ni mkate, Kiarabu lahm ni nyama, neno lile lile, kila kabila limelipa maana ya kile wanachokiona ndo chakula.)

Sasa ayn. Hapa nawaomba watu wa pwani mkae vizuri maana tuna faida ambayo profesa wa Ulaya hana.

Kiebrania cha kwenye Biblia kina herufi moja, ayn, lakini zamani ilikuwa inabeba sauti mbili, ayn ile ya kooni na ghayn, yani gh ya kwenye ghali. Kiarabu kimezitenganisha mpaka leo kwa nukta moja juu. Baadaye Kiebrania kikaziunganisha zote zikawa ayn, ghayn ikafa. Sasa tutajuaje jina fulani lilikuwa na ipi? Karne ya 3 KK huko Aleksandria Wayahudi walianza kuitafsiri Torati kwenda Kigiriki, na wakati huo ghayn bado ilikuwa inasikika midomoni. Kigiriki hakina ayn, kwa hiyo kila walipokuta ayn waliiacha tu, jina likaanza na vokali. Ila walipokuta ghayn waliandika G, ndo sauti ya karibu waliyokuwa nayo.

Ndo maana sisi tunasoma Gaza na Gomora. Kwa Kiebrania ni Azza na Amora, zote na ayn, hakuna G hata kidogo, hiyo G ni ya Mgiriki aliyesikia ghayn kwa masikio yake. Umwulize Mwarabu, Gaza anaiitaje? Ghazza. Na Soari, kale kamji Lutu alikokimbilia kabla Sodoma haijawaka, akaomba akisema si ni mdogo tu, Kigiriki wanaandika Segor, na wanajiografia wa Kiarabu walikaita Zughar, ghayn ipo pale pale. Na kidogo kwa Kiarabu ni saghir, sasa utasema nini. Upande wa pili chukua Anathothi ya Yeremia, nayo ina ayn kwenye Kiebrania, lakini Mgiriki hakuweka G, na Waarabu wanakiita hicho kijiji Anata, kwa ayn ya kawaida. Yani kwa kawaida Kiarabu kinapokuwa na ghayn Kigiriki kina G, na penye ayn tupu Kigiriki hakina kitu. Watu ambao hawakukaa meza moja wanatoa ushahidi mmoja, hiyo sio bahati.

Sasa jisikilize wewe mwenyewe. Asali, akili, arusi, umri, elimu, ajabu, zote kwa Kiarabu zinaanza na ayn na sisi tumeiangusha bila hata kuaga. Lakini ghali, ghafla, ghorofa, ghadhabu, hizo tumeshika gh yetu, na mtu akitoka bara akasema "gali" tunajua mgeni kaingia mjini. Mswahili kafanya kile kile alichofanya mtafsiri wa Aleksandria, ayn tupa, ghayn shika. Ungempa bibi yangu ile kazi ya Torati angeandika Gaza vile vile. Af kuna mtu ananiambia mambo ya lugha za kale ni ya wazungu.

Jambo lingine la kwetu ni Bahari ya Shamu. Wangapi tumeisoma Kutoka tangu utotoni bila kujiuliza hiyo Shamu ni nini? Kiebrania ni Yam Suf, na suf ni manyasi ya majini, ni yale yale ambayo mama yake Musa alimweka mtoto na kisafina chake katikati yake, Kutoka 2:3. Lenyewe inaonekana limetoka Kimisri cha kale, tjuf, mafunjo. Kwa hiyo Bahari ya Mafunjo. Watafsiri wa Kigiriki hawakuandika mafunjo, wakaweka jina ambalo mabaharia wao walikuwa wanaiita ile bahari kati ya Misri na Arabuni, Erithra Thalasa, bahari nyekundu, na Ulaya yote ikafuata. Watafsiri wa Kiswahili hawakuchukua mafunjo wala wekundu, wakachukua jina la manahodha wetu, bahari ya kwendea Shamu, nchi ya Dameski. Ukienda huko ndani kabisa hakuna mtu wa hapo anayeiita hivyo, hilo ni jina la mtu aliyekaa Tanga au Lamu anaangalia kaskazini. Mi nalipenda kuliko yote, na Misri pia, tumelipata kwa Waarabu na ni lile lile la vibao vya Amarna, wakati wenzetu wa Ulaya wanatumia jina lililotokana na hekalu la mungu Ptah.

Ai nayo. Mji Yoshua alioupiga baada ya Yeriko, jina lake kwa Kiebrania huwa na kitambulishi mbele, "ile Ai", na wengi wanaelewa ni gofu, lundo la mawe. Wanaakiolojia wengi wanapaweka et-Tell, ambayo kwa Kiarabu nayo ni kilima cha mabaki, na walipochimba, Judith Marquet-Krause miaka ya 1933 hadi 1935 kisha Joseph Callaway kuanzia 1964, wakakuta mji mkubwa uliovunjika karibu 2400 KK halafu pakakaa patupu zaidi ya miaka elfu. Ubishi wa lini Yoshua alifika pale ni mkali na haujaisha. Mi naangalia jina tu: hakuna mtu anayejenga mji akauita Gofu. Jina la zamani lilikufa na wenyewe. Ukitoka Tanga njia ya Pangani utapita Tongoni, ina msikiti wa zamani na makaburi ya nguzo, na jina lake ni hilo hilo, kwenye matongo, mahame. Wareno walipopita na Vasco da Gama, wakaichoma meli yao moja huko kwenye miamba mwaka 1499, pale paliitwa Mtangata. Aliyekuja baadaye akakuta kuta, akaita anachokiona.

Basi utauliza haya majina yamefikaje mpaka leo wakati wenye lugha zao walishakufa. Jibu ni wakulima na wachunga mbuzi. Mwaka 1838 Mmarekani Edward Robinson alizunguka Palestina na mmisionari Eli Smith aliyekuwa anaongea Kiarabu vizuri, wakawa wanauliza wanakijiji hapa panaitwaje, na walijihadhari wasimtajie mtu jina wanalolitafuta, maana mgeni ukimuuliza mwenyeji "hapa ni Betheli eeh?" atakuitikia kwa adabu tu. Wakapata Anata, Beitin ambayo ni Betheli, Jaba ambayo ni Geba, Mukhmas ambayo ni Mikmashi, Seilun ambayo ni Shilo. Majina yako kwenye midomo ya watu ambao hawakuwa wakiyasoma kwenye kitabu chochote.

Serikali nazo zilijaribu. Wagiriki na Warumi waliita Beth-sheani Skithopolis kwa mamia ya miaka, walipoondoka jina likarudi Beisan. Raba ya Waamoni waliigeuza Filadelfia, leo ni Amman. Hapa kwetu Wajerumani waliandika Wilhelmstal kwenye ramani, wenyeji wakaendelea na Lushoto yao na leo hiyo Wilhelmstal utaikuta kwenye stempu za zamani tu. Nablus ndo imepindua, hiyo ni Neapolis ya Warumi, lakini pale walijenga mji mpya kabisa pembeni ya Shekemu na watu wakahamia, jina likahamia nao. Ako ndo unaweza kuifuatilia ndani ya Biblia moja bila kutoka nyumbani, fungua Waamuzi 1:31 utakuta Ako, nenda Matendo 21:7 Paulo anashuka Tolemai, mji ule ule umepewa jina la mfalme, na leo hii ukipanda gari kwenda huko kondakta wa Kiarabu anaita Akka.